Sufuria au Mgonjwa?

Desemba iliyopita nilifika nyumbani Kalemng'orok na mizigo miwili: begi la nguo na sanduku la kikaango. Kikaango cheusi, kizito kiasi, cha aina ile isiyoshika chakula, ambayo mjini tunaiita tu nonstiki. Nilikipakata kutoka Nairobi hadi Kitale, nikakipakata tena kutoka Kitale hadi Kainuk, halafu nikakipakata kwenye ile barabara ya A1 inayoendelea Lokichar na Lodwar. Kila gari liliporuka, nilikikumbatia kama mtoto mchanga.

Siku ya tatu asubuhi nikatoka nje nikamkuta mama ameketi kivulini, miguu ameinyoosha, kikaango kiko mapajani. Mkono mmoja umeshika stilwaya. Mkono wa pili unachota mchanga. Alikuwa anasugua kwa nguvu zote, na usoni alikuwa na ule utulivu wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Weusi ulikuwa umeshaanza kutoka. Chini yake aluminiamu ilikuwa inang'aa vizuri sana.

"Toto!" nikapiga kelele. Sisi Waturkana mama tunamwita toto, jambo ambalo limenichekesha na watu wengi Nairobi. "Toto, unafanya nini? Hiyo haisuguliwi! Umeiharibu! Sasa mtakula sumu hapa!"

Akaacha kusugua. Akaniuliza, polepole, kama mtu anayetaka kuelewa kesi. Haifai mchanga? Haifai. Majivu je? Hapana. Kijiko cha chuma? Hapana, mwiko wa mti peke yake. Moto mkali? Hapana. Ikiwa bado moto, niimwagie maji baridi? Hapana, inapinda. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu," akasema, "umeniletea sufuria au umeniletea mgonjwa?"

Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado na hasira ya shilingi zangu. Nilirudi Nairobi na lile swali, na nimekaa nalo tangu wakati huo, kwa sababu kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba halihusu kikaango peke yake.

*

Tuanze na kosa. Kuna kitu kimeharibika, na akili ya mtu huuliza haraka: nani amekosa?

Asubuhi ile nilikuwa na jibu. Aliyesugua. Lakini hebu tuangalie mama alikuwa anafanya nini hasa. Kwetu maji hayatoki ukutani. Yanakuja katika mtungi wa lita 20, na lita 20 ni kilo 20, na kilo hizo zinabebwa na shingo ya mtu. Wakati wa kiangazi, kabla ya mtungi kujaa, kuna foleni kwenye bomba la mkono, au kuna kuchimba mchangani katikati ya laga mpaka maji yachungulie. Mtu anayeishi hivyo haoshi sufuria kwa kuimwagia maji mengi. Anachukua mchanga mkavu, ambao unakunywa mafuta na kukwangua mabaki, na maji anayaacha yawe ya kunywa. Akitumia majivu, anatumia alkali ileile ambayo watu wamepikia sabuni tangu zamani. Halafu anaanika chombo juani, na jua la Turkana halihitaji kusaidiwa na mtu.

Hii ni elimu. Kwetu chombo cha maziwa hupewa moshi na makaa ya moto ndani yake, maziwa yakakaa vizuri na kupata harufu ile ambayo mtu wa pakiti hawezi kuelewa. Majirani zetu Wapokot wanachanganya majivu ya mti wa cromwo kwenye maziwa yao ya mala, na leo watu wanatoka mbali kuyaonja na kuyaandikia makala. Mchanga, majivu, moshi, jua: vitu vinne ambavyo havina bili ya maji.

Na ile stilwaya? Hiyo tumeipata madukani kama wengine wote. Kenya hii tabia ya mtu inasomwa mgongoni mwa sufuria. Sufuria za aluminiamu, zile zinazogongwa na mafundi wa jua kali pale Kamukunji, zinataka kusuguliwa mpaka ujione. Mgeni akiingia jikoni akaona sufuria nyeusi, amemaliza kukujua. Binti anasifiwa kwa zinavyong'aa. Mama amesugua maisha yake yote, na amesifiwa kwa hilo maisha yake yote. Kisha akaja kijana kutoka mjini na chombo ambacho sifa zake zote zimegeuzwa kuwa makosa. Bidii ikawa uharibifu. Usafi ukawa sumu. Na hakuna mtu aliyemwambia, kwa sababu aliyekuwa anajua alikuwa amelala.

Mimi nilijua. Kijitabu kilikuwa ndani ya sanduku, kwa Kiingereza na Kichina, na mama hasomi lugha hizo. Nilikisoma ndani ya gari. Nikakirudisha ndani ya sanduku. Hapo ndipo penye kosa, kama tunalitafuta kweli.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake ya maadili kwa Nikomako, anatenganisha anayekosa kwa kutojua na anayekosa kwa kutaka. Anasema pia kwamba kuna kutojua ambako mtu analaumiwa, pale ambapo ilikuwa juu yake kujua. Ni maneno ya busara, ila kikaango changu kinaongeza swali ambalo linakuja mapema zaidi: ilikuwa juu ya nani kumjulisha? Tuna methali inayotuponyesha haraka, kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Tunaitumia tukichoka kueleza. Lakini ukiitazama vizuri, methali hiyo ni raha kwa anayejua peke yake. Inampa ruhusa ya kunyamaza halafu kulaumu.

*

Kwa hiyo acha nieleze sasa kile ambacho nilipaswa kueleza siku ya kwanza. Huenda nawe una mtu nyumbani ambaye hujamweleza.

Ule weusi ndani ya kikaango, katika vikaango vingi vya aina hii, ni ngozi nyembamba ya plastiki iitwayo PTFE, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Teflon. Iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, aliyekuwa akitafuta gesi ya friji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mfaransa Marc Grégoire alikuwa ameifanya ishike kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki. Mkewe ndiye aliyemwambia aipake kwenye sufuria. Wazo la jikoni lilitoka kwa aliyekuwa anaosha vyombo, jambo ambalo halinishangazi.

Ngozi hiyo haishiki kitu, na kwa sababu hiyohiyo haihitaji nguvu. Acha kikaango kipoe chenyewe. Weka maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, na sponji laini au kitambaa. Kama kuna kitu kimegandamana, loweka nusu saa kwanza. Kikikataa, changanya magadi ya kuokea na maji kidogo, paka, ngoja, futa taratibu. Usitie stilwaya, mchanga, majivu wala kisu. Pikia mwiko wa mti. Ukivipanga vyombo, weka kitambaa katikati ili visikwaruzane.

Eafraya, ile mashine ya kukaanga kwa hewa moto ambayo sasa iko kwenye kila bedsita ya Roysambu, ina ngozi ya namna hiyo kwenye kikapu na trei. Ichomoe kwenye umeme kwanza. Iache ipoe. Kikapu na trei osha kama kikaango. Mwili wa mashine usiutie majini hata siku moja, ufute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kigeuze kichwa chini uangalie koili ya moto juu, maana mafuta hurukia huko na ndiyo yanayotoa moshi siku ya tatu. Ifute kwa kitambaa, usiikwangue. Kila kitu kikauke kabisa ndipo uwashe.

Na jambo kubwa kuliko kuosha: usiweke kikaango hiki kitupu kwenye moto mkali. Ikipita joto la nyuzi 260 hivi, ile ngozi huanza kuchoka, na ikiendelea kupanda inatoa moshi ambao unaweza kumpa mtu homa kama ya mafua na kuua ndege aliye kwenye kizimba jirani. Kikaango kitupu juu ya moto mkali kinafika huko kwa dakika chache. Sasa fikiria mawe matatu na kuni kavu za Kalemng'orok. Hakuna kitufe cha kupunguza. Kile kikaango kilikuwa kimekosana na jiko letu hata kabla ya stilwaya kufika.

Halafu ile sumu niliyompigia mama kelele. Nilipotulia nikasoma, nikakuta kwamba vipande vya ile ngozi vikimezwa hupita tumboni vikatoka kama vilivyoingia, mwili hauvishughulikii. Kikaango kilichokwaruzwa vibaya ni heri ukiache, kwa sababu hakifanyi kazi yake tena na kinaendelea kubanduka, lakini mama hakuwa anawalisha watu sumu. Nilimtisha na jambo ambalo sikulijua. Nilikuwa na hasira, na hasira ikatafuta sayansi ya kuvaa.

*

Sumu ipo, lakini haikuwa kwenye mapaja ya mama. Ili kuiona inabidi twende mbali kidogo, kwa mfugaji mwingine.

Kwa miaka mingi, kutengeneza ile ngozi kulihitaji kemikali nyingine iitwayo PFOA. Kiwanda kikubwa cha DuPont kilikuwa karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia, kando ya mto Ohio. Mkulima mmoja wa huko, Wilbur Tennant, alikuwa na ng'ombe. Sehemu ya ardhi ya familia yake ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ikawa jalala, na kijito kilichotoka upande wa jalala kikapita kwenye malisho yake. Ng'ombe wakaanza kufa. Wakakonda, meno yakawa meusi, macho yakageuka rangi. Alisema alipoteza zaidi ya 150. Akachukua kamera akawa anawarekodi na kuwapasua mwenyewe, kwa sababu hakupata wa kumsikiliza. Mwaka 1999 wakili Robert Bilott alifungua kesi kwa niaba yake, na kesi hiyo ikafungua nyingine za maelfu ya watu waliokuwa wakinywa maji ya eneo lile. Watu takriban 69,000 wakatoa damu ipimwe, na wanasayansi wakaihusisha PFOA na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo. Mwaka 2017 kampuni zilikubali kulipa dola milioni 671. Kama umeona filamu ya Dark Waters ya 2019, hadithi unaijua.

PFOA iliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2019 ili nchi ziiondoe, na vikaango vya kampuni kubwa za leo havitengenezwi nayo. Kemikali zilizochukua nafasi yake nazo zinaendelea kuchunguzwa.

Nilimweleza mama habari hii kwa simu. Alisikiliza kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Hakuuliza kuhusu kampuni wala kuhusu saratani. Aliuliza, "Huyo mzee, ng'ombe wake walikunywa maji ya kikaango?"

Nikasema ndiyo, unaweza kusema hivyo.

"Na wenye vikaango walijua?"

Nikasema hapana. Walikuwa wanafurahi kwamba hakuna kusugua.

Nadhani hapo mama alisema mwenyewe jambo ambalo mimi nimelizunguka kurasa hizi zote. Tunazungumza juu ya usafi kana kwamba uchafu unaisha. Uchafu hauishi. Unahama. Ukisugua kwa mchanga, kazi inakaa mkononi mwako na mafuta yanakaa mchangani, mbele ya mlango wako, unayaona. Chombo kinachokuahidi kwamba hutasugua tena hakijaifuta kazi ile. Kimeipeleka mahali usipopaona: kwa mfanyakazi wa kiwanda, kwenye kijito, kwenye tumbo la ng'ombe wa mzee ambaye hujawahi kumjua. Kuosha kwa usalama, basi, hakuwezi kuwa swali la sponji gani peke yake. Ni swali la usalama wa nani.

Sisemi tutupe vikaango. Mimi ninacho, na mayai yangu hayashiki. Kurudi kwenye mchanga si jibu kwa mtu anayeishi ghorofa ya nne. Tena sipendi makala zinazomfanya mama wa kijijini kuwa nabii ili mwandishi wa mjini aonekane mnyenyekevu. Mama yangu angependa bomba jikoni hata kesho, na hana upendo wowote na mtungi wa lita 20. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kitu kinachotaka ulaini kinakuja na deni, na inafaa tujue analipa nani.

*

Kuna deni moja ambalo nililiacha Nairobi na sikutaka kuliandika.

Miezi kadhaa kabla ya Desemba, mama mmoja anayekuja kunifulia Jumamosi aliosha na vyombo, kwa hiari yake, kwa sababu aliona sinki imejaa. Kikapu cha eafraya akakipiga stilwaya mpaka kikawa kama sufuria ya Kamukunji. Mimi nikarudi nikaona, nikanuna, na mwisho wa mwezi nikamkata mia tano. Sikupiga kelele. Nilituma pesa pungufu na ujumbe mfupi. Nilijiona mstaarabu sana.

Baadaye nikakutana na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 19 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, lakini kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Makusudi. Yule mama alikuwa na kusudi kweli. Kusudi lake lilikuwa kunisaidia. Kijitabu kilikuwa ndani ya kabati, juu, mahali ambapo hata mimi nafika kwa kupanda kiti.

Nimewafikiria hawa wanawake wawili pamoja. Wote walifanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Wote waliifanya kwa bidii, kwa njia waliyosifiwa nayo tangu utotoni. Na mimi, mbele yao wote, nilikuwa laini kwa chombo na mgumu kwa mtu. Nilijua kila kitu ambacho kikaango hakiwezi kuvumilia: joto kali, mkwaruzo, maji baridi ya ghafla. Sikuwahi kujiuliza mama anaweza kuvumilia nini, akipigiwa kelele mbele ya jirani, kwake, na kijana aliyemzaa.

Na kwa nini nilikileta? Si kwa sababu mama alikihitaji. Mkono mtupu haulambwi, na kijana wa Nairobi harudi nyumbani hivihivi. Nilitaka zawadi inayoonekana. Nilipiga hata picha. Kama ningemuuliza anataka nini angeniambia: sufuria nzito ya ugali ya watu kumi, na mtungi mpya, ule wa zamani unavuja. Zawadi ambayo haikuanza na swali ni tangazo langu mwenyewe lililofika mlangoni mwake.

Aprili nilirudi Kalemng'orok na sufuria ya Kamukunji, nzito, ya kusugua mpaka kesho, na mitungi miwili. Mama aliigonga sufuria kwa kidole, akasikiliza mlio, akasema hii ni mzima. Kile kikaango hakuwa amekitupa. Anafunikia pipa la maji.

Nairobi ilikuwa ngumu zaidi, maana mama yako anakusamehe kabla hujafika, lakini mtu wa kazi huna undugu naye wa kukuokoa. Jumamosi moja nilimpa yule mama mia tano yake nikamwambia nilikosea kuikata. Nikamtolea kikapu kipya, nikamwonyesha: maji ya vuguvugu, sponji, loweka, usisugue. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Aliikunja ile noti akaitia ndani ya leso, akakitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "si ungeniambia tu."